Dawa ya kizunguzungu, dawa ya presha, na mikono ya mama inayotetemeka

Swali la msomaji:

"Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 69, tunaishi Morogoro. Ana presha, na kwa miaka mingi anameza amlodipini miligramu 10 kila siku. Mwaka juzi alianza kusumbuliwa na kizunguzungu, akaandikiwa sinarizini miligramu 25 mara tatu kwa siku. Tangu hapo tumekuwa tukimnunulia wenyewe duka la dawa, hatujarudi hospitali. Sasa ni kama miezi minne mikono inamtetemeka, anatembea kwa kuburuza miguu, uso umekuwa kama umeganda, na amepoa sana, haongei kama zamani. Nimesoma kwamba dawa zote mbili ni za kundi moja la kuzuia kalsiamu. Ila mahali pengine wanasema kundi hilo linaleta ugonjwa wa Parkinson, pengine linaukinga, na pengine eti linatibu midomo inayochezacheza kwa watu waliotumia dawa za akili. Nishike lipi? Nimwachishe zote?"

Marahaba, binti yangu. Nianze na la haraka: usimwachishe mama amlodipini. Ninayoishuku ni sinarizini, na ningependa aiache, lakini aiache chini ya macho ya daktari atakayempima kwanza na kumpima tena baadaye. Mpeleke hospitali wiki hii, usingoje mwezi ujao. Jibu refu ni kwa nini nazitenganisha dawa mbili ambazo vitabu vimeziweka kundi moja. Ukilielewa hilo, yale matatu uliyosoma yataacha kugongana.

Jina "dawa za kuzuia kalsiamu" linaeleza jambo moja tu ambalo dawa hizi hufanya. Kalsiamu ikiingia ndani ya seli za misuli iliyo kwenye kuta za mishipa ya damu, misuli hujikaza, mshipa husinyaa na presha hupanda. Amlodipini na nifedipini huziba vijia ambavyo kalsiamu hupitia, mshipa ukalegea na damu ikapita kwa urahisi. Verapamili na diltiazemu hufanya kazi hiyo hiyo, ila hugusa zaidi moyo wenyewe na kupunguza kasi ya mapigo. Sinarizini na ndugu yake flunarizini nazo huziba kalsiamu, lakini huwezi kukuta daktari akiziandika kwa ajili ya presha. Sinarizini huandikwa kwa kizunguzungu na kichefuchefu cha safarini, flunarizini kwa kuzuia kipandauso kisirudi mara kwa mara. Hizi mbili hufika kwenye ubongo, na zikifika huko hufanya jambo ambalo jina la kundi halilitaji kabisa: huzuia dopamini.

Dopamini ndiyo ujumbe ambao sehemu za ndani za ubongo hutumia kuanzisha na kulainisha mwendo wa mwili. Hutolewa na seli moja na kupokelewa na nyingine kwenye vipokezi maalumu. Katika ugonjwa wa Parkinson wenyewe, seli zinazotengeneza dopamini hufa kidogo kidogo kwa miaka, na dalili hujitokeza wakati sehemu kubwa ya seli hizo imeshapotea. Kwa mtu anayemeza sinarizini muda mrefu hali ni tofauti: dopamini inatengenezwa, inatoka, lakini ni kama abiria anayepanda daladala akakuta kila kiti kimekaliwa. Dawa imeshakaa kwenye vipokezi. Kwa nje huwezi kutofautisha kirahisi, kwa sababu misuli inakosa ujumbe ule ule: mikono inatetemeka, viungo vinakakamaa, hatua zinakuwa fupi, uso unapoteza uchangamfu. Hali hii tunaiita parkinsoni ya dawa. Haloperido na klopromazini, dawa za maradhi ya akili, huileta kwa njia hiyo hiyo, na kwa hizo kila daktari anajua kuwa macho. Kwa sinarizini wengi hawakumbuki, kwa sababu imezoeleka kama dawa nyepesi ya kizunguzungu.

Wala si habari mpya. Sinarizini ilitengenezwa mwaka 1955 katika maabara ya Paul Janssen huko Ubelgiji, maabara ile ile iliyotoa haloperido mwaka 1958. Katika miaka ya 1970 na 1980 sinarizini na flunarizini ziliandikwa kwa wingi sana Ulaya ya kusini na Amerika ya Kusini, hasa kwa wazee, kwa imani kwamba zinaboresha mzunguko wa damu kichwani: kizunguzungu, usahaulifu, masikio kuvuma, miguu baridi. Mwaka 1986 madaktari wa Uruguay walichapisha katika jarida la Lancet taarifa ya wagonjwa waliotumia flunarizini wakapata parkinsoni, miondoko ya mdomo na ulimi isiyozuilika, kutotulia mwilini, na sonona. Mwaka uliofuata, Federico Micheli na wenzake wa Argentina wakaleta taarifa kama hiyo kwa dawa zote mbili. Huko Hispania, José Félix Martí-Massó aliwafuatilia wagonjwa wa sinarizini kwa miaka mingi, akaonyesha kwamba hawakuwa wachache hata kidogo. Kisha mwaka 1995 madaktari wa Vienna, Austria, wakapiga picha za ubongo za wagonjwa waliokuwa wakimeza dawa hizi, wakaona waziwazi kwamba vipokezi vya dopamini vimezibwa. Baada ya hapo haikuwa tena suala la kubahatisha.

Soma tena orodha ile ya Uruguay, kisha soma barua yako. Umeandika kwamba mama "amepoa sana, haongei kama zamani". Ndugu wengi husema hilo mwishoni, kwa sauti ya chini, kama jambo la uzee tu. Mimi nalipa uzito sawa na mikono inayotetemeka. Sonona ni sehemu ya picha ya dawa hizi, na uso ulioganda humfanya mtu aonekane hana hamu na watu hata pale ambapo moyoni anayo. Msimlaumu kwamba amebadilika tabia.

Wanaopata shida hii zaidi ni wazee, na katika taarifa nyingi wanawake ni wengi kuliko wanaume. Hatari hukua kadiri dozi inavyokuwa kubwa na muda unavyorefuka. Dalili haziji wiki ya kwanza. Huja baada ya miezi, wakati mwingine miaka, na ndiyo maana hakuna mtu nyumbani anayeziunganisha na kidonge ambacho mama amekimeza siku zote bila tatizo. Hapo ndipo ninapokerwa na utaratibu wetu wa kuendelea kununua dawa kwa karatasi ya zamani. Sinarizini kwa mtu mwenye kizunguzungu kikali cha siku chache ni dawa nzuri. Kwa mzee wa miaka 69, mara tatu kwa siku, tangu mwaka juzi, bila mtu wa kuuliza kama bado anaihitaji, si matibabu tena. Marekani haijawahi kuiidhinisha, na nchi za Ulaya zinazoiuza zinatahadharisha kwenye karatasi yake kuhusu wagonjwa wa Parkinson.

Nikueleze daktari atafanya nini, ili uangalie na wewe. Atamwambia mama agonganishe kidole gumba na cha shahada, haraka haraka, kwa upana wote anaoweza, kama sekunde 10 hivi, mkono mmoja kisha wa pili. Mtu mzima wa afya huchoka kidogo lakini upana haubadiliki sana. Kwa mama mwenye upungufu wa dopamini, migongano mitatu ya kwanza itakuwa mipana, ya tano itakuwa nusu, ya nane vidole vitakuwa karibu havifunguki, na pengine vitakwama kabisa. Halafu daktari atashika kiwiko kwa mkono mmoja na kiganja kwa mwingine, akunje na kukunjua polepole huku mama amelegeza mkono. Mkono uliokakamaa kwa namna hii hausogei kwa mkupuo mmoja. Unakwenda kwa kudunda, unashika na kuachia, unashika na kuachia. Atamwambia aandike jina lake au sentensi fupi, na mara nyingi herufi huanza kubwa na kumalizikia ndogo. Mwisho atamwambia asimame bila kushika mikono ya kiti, atembee mpaka mlangoni, ageuke. Tazama mikono wakati anatembea: je, yote miwili imeacha kupunga, au mmoja tu? Parkinson yenyewe kwa kawaida huanza upande mmoja wa mwili. Ya dawa mara nyingi huja pande zote mbili kwa pamoja. Nasema mara nyingi, kwa sababu hapo hakuna mstari ulionyooka, na nimeona za dawa zilizoegemea upande mmoja.

Kwa hiyo hata mimi nikimpima mama yako mwenyewe, siwezi kuapa siku hiyo hiyo kwamba ni dawa peke yake. Inawezekana kabisa Parkinson ilikuwa inaanza chini kwa chini, na sinarizini ikaifichua mapema. Huko Ulaya na Marekani kuna picha maalumu inayoonyesha kama seli zinazotengeneza dopamini zipo au zimepotea. Kwa parkinsoni ya dawa picha huwa ya kawaida, kwa Parkinson halisi huonyesha upungufu. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliiidhinisha mwaka 2011. Kwetu hapa kipimo hicho si cha kupatikana kirahisi, na sitaki uuze shamba kukitafuta, maana kuna kipimo kingine kisicho na gharama, nacho ni muda. Dawa ikiondolewa, vipokezi huachiwa taratibu. Wengine hupata nafuu ndani ya wiki chache, wengi huhitaji miezi, na kwa baadhi ya wazee imechukua zaidi ya mwaka. Flunarizini huchelewa zaidi kutoka mwilini kuliko sinarizini. Kama baada ya miezi 6 hivi hali haijabadilika, au inazidi, basi tunafikiria Parkinson halisi na kujadili levodopa, dawa inayogeuka kuwa dopamini ndani ya ubongo na ambayo ipo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Ninachokataa ni kumwanzishia levodopa leo, juu ya sinarizini anayoendelea kuimeza.

Nalitilia mkazo hili kwa sababu ya jambo tunalolijua la nchi yetu wenyewe. Kati ya mwaka 2005 na 2006, watafiti walipita nyumba kwa nyumba wilayani Hai, Kilimanjaro, katika eneo lenye watu 161,071, wakitafuta wagonjwa wa Parkinson. Waliwapata 33. Zaidi ya robo tatu yao hawakuwa wamewahi kuambiwa wana ugonjwa gani. Mzee anayetetemeka Tanzania, mara nyingi, hana jina la ugonjwa wake, na asiye na jina la ugonjwa hapati dawa. Lakini upande wa pili wa jambo hilo hilo ni kwamba sisi madaktari, tunapojitahidi kuwatambua wenye Parkinson, tunaweza kumbandika jina hilo mtu ambaye angepona kwa kuondolewa kidonge. Kwa mgonjwa yeyote mpya mwenye dalili hizi, swali la kwanza liwe dawa anazomeza.

Sasa turudi kwenye amlodipini, maana wasiwasi wako juu yake una msingi kidogo. Zipo taarifa za mgonjwa mmoja mmoja, katika majarida ya kitabibu, za watu waliopata parkinsoni wakiwa kwenye amlodipini, verapamili au diltiazemu. Zilichapishwa mwishoni mwa miaka ya 1980 na katikati ya miaka ya 1990. Sizifichi. Lakini pima uzito wake: mamilioni ya watu duniani humeza amlodipini kila asubuhi, na kilichokusanywa ni taarifa za kuhesabika. Amlodipini huingia kwenye ubongo kwa kiasi kidogo, na haikai kwenye vipokezi vya dopamini kama sinarizini inavyokaa. Ukiweka mezani dawa mbili, moja ina ushahidi wa kliniki nyingi, wa nchi kadhaa, pamoja na picha za ubongo, na nyingine ina visa vichache vilivyotawanyika, hakuna sababu ya kuziondoa zote mbili siku moja. Na ukiziondoa pamoja, mama akipata nafuu hutajua ipi ilikuwa mkosaji.

Halafu kuna hatari yenyewe ya kuacha. Mama mwenye presha ya miaka mingi akiachishwa dawa ghafla presha hupanda tena, na kiharusi hakisubiri. Nimewaona wagonjwa waliopooza upande mmoja baada ya ndugu "kuwapumzisha" dawa za presha. Kama daktari ataona amlodipini ibadilishwe, zipo dawa za presha za makundi mengine, naye atambadilishia bila kuacha pengo. Jambo dogo la kuangalia: miligramu 10 za amlodipini huwavimbisha baadhi ya watu vifundo vya miguu, na miguu iliyovimba nayo humfanya mzee aburuze hatua. Bonyeza kwa kidole juu ya kifundo cha mguu jioni, uone kama panabaki shimo, umweleze daktari.

Hayo ni kuhusu "kuleta". Kuhusu "kukinga", umesoma kitu cha kweli, ila umekisoma nusu.

Seli za ubongo zinazotengeneza dopamini zina tabia ya pekee: hutoa mapigo ya umeme zenyewe mfululizo, usiku na mchana, na kwa kila pigo huruhusu kalsiamu iingie kupitia vijia vya aina fulani. Kuiondoa kalsiamu hiyo tena kunazigharimu nishati nyingi, na wanasayansi wanaamini mzigo huo ni mojawapo ya sababu za seli hizi kuchakaa kabla ya nyingine. Mwaka 2007 maabara ya James Surmeier, Chuo Kikuu cha Northwestern kule Chicago, ilionyesha katika jarida la Nature kwamba isradipini, dawa ya presha inayofika vizuri kwenye ubongo, iliwafanya panya wastahimili sumu zinazoua seli hizo. Mwaka 2008 watafiti waliotumia kumbukumbu za zahanati za Uingereza wakaona kwamba waliotumia dawa za kundi hili kwa muda mrefu walipata Parkinson kwa uchache, kama pungufu ya robo hivi. Mwaka 2010 Denmark ikatoa takwimu zinazofanana, tena kwa dawa zile tu zinazoingia kwenye ubongo; amlodipini haikuonyesha kinga yoyote. Lakini mwaka huo huo utafiti wa Marekani uliowafuatilia wauguzi na wahudumu wengine wa afya haukuona uhusiano wowote.

Ukiangalia watu waliochagua au kuchaguliwa dawa wenyewe, daima kuna mtego. Parkinson, miaka kadhaa kabla ya kutetemeka kuanza, huweza kugusa neva zinazodhibiti presha na kuishusha. Mtu wa namna hiyo hahitaji dawa za presha. Baadaye akigundulika na Parkinson, takwimu zitasema "huyu hakuwa akimeza dawa ya presha", na msomaji ataona kana kwamba dawa ingemkinga, wakati ugonjwa ndio uliomwondolea haja ya dawa. Njia ya kuutegua mtego huo ni moja: kugawa watu kwa bahati nasibu, nusu dawa, nusu kidonge kisicho na kitu, bila wao wala madaktari wao kujua nani ana nini.

Hilo lilifanyika. Jaribio liliitwa STEADY-PD III, chini ya Tanya Simuni wa Northwestern, kwa watu 336 wa Marekani na Kanada waliokuwa na Parkinson ya mwanzo na hawajaanza dawa za dopamini. Walimeza isradipini miligramu 5 mara mbili kwa siku, au kidonge kitupu, kwa miezi 36. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Kwenye kipimo kinachotumika kuhesabu makali ya ugonjwa, kundi la isradipini liliongezeka kwa wastani wa pointi 2.99, na kundi la kidonge kitupu pointi 3.26. Tofauti ya 0.27 haina maana yoyote kwa mgonjwa, na kihesabu inaweza kuwa imetokea kwa bahati tu. Waliomeza isradipini walivimba miguu na kupata kizunguzungu zaidi.

Matokeo hayo yaliniuma, kwa sababu nadharia ilikuwa nzuri na watu hao 336 walitoa miaka mitatu ya maisha yao. Wapo watafiti wanaosema pengine kiwango kilichofika kwenye ubongo kilikuwa kidogo, na uchambuzi wa baadaye wa damu za washiriki umewapa sababu ya kuendelea kuuliza. Ni haki yao. Lakini kwa mtu anayekuja kliniki leo, jibu ni kwamba hakuna dawa ya kuzuia kalsiamu ninayoweza kumwandikia kwa ajili ya kumkinga na Parkinson au kuichelewesha. Mtu akikwambia mama aongezewe nifedipini "ili kulinda ubongo", kataa kwa heshima.

Limebaki lile la tatu, midomo inayochezacheza. Watu waliotumia dawa za kuzuia dopamini kwa muda mrefu, hasa zile za zamani za maradhi ya akili, huweza kupata miondoko wasiyoitaka: kutafuna bila chakula, ulimi kutoka na kurudi, midomo kubusu hewa, wakati mwingine vidole vya mikono kucheza kama anapiga kinanda. Hii huitwa diskinesia, na ni ile inayochelewa kujitokeza. Kwa watu wazima walio bado na umri mdogo wanaotumia dawa hizo za zamani, takriban 5 kati ya 100 huipata kila mwaka, na kwa wazee ni wengi zaidi sana. Wazo la kuitibu kwa nifedipini, diltiazemu na nyinginezo lilikuwepo tangu zamani. Taasisi ya Cochrane, inayokusanya na kupima majaribio ya tiba, ilitafuta majaribio yote yaliyofanywa kwa utaratibu wa bahati nasibu. Katika mapitio yake ya 2018 ilipata matatu tu, ya Marekani na China, yenye watu 47 kwa jumla. Watu 47 duniani kote! Hitimisho lao ni kwamba haijulikani kama dawa hizi zinasaidia, na kwa kuwa hushusha presha, zisitumike kwa kazi hiyo nje ya utafiti uliopangwa vizuri. Dawa zenye ushahidi kwa tatizo hilo ni za kundi jingine, valbenazini na deutetrabenazini, zilizoidhinishwa Marekani mwaka 2017. Bei yake bado ni kikwazo kikubwa kwa wagonjwa wetu.

Ongeza juu ya hapo kwamba sinarizini na flunarizini zenyewe huweza kuanzisha miondoko hiyo. Dawa inayozuia dopamini huweza kuituliza kwa muda, ndugu wakafurahi, huku chanzo kikiendelea kujengeka. Kwa hiyo mwangalie mama mdomo wakati ametulia, anatazama televisheni au anasikiliza redio, hajui kama unamwangalia. Ukiona anatafunatafuna, mwambie daktari, kwa sababu hilo huondoka kwa shida zaidi kuliko kutetemeka, na ni sababu nyingine ya kuharakisha.

Sasa kizunguzungu chenyewe, ambacho ndicho kilichoanzisha haya yote na bado hakina jibu. Naogopa kwamba mkiondoa sinarizini bila kukitafutia chanzo, baada ya wiki mbili mtarudi kuinunua. Kwa mama wa umri huu mwenye dozi kubwa ya amlodipini, la kwanza ni kumpima presha akiwa amelala kama dakika 5, kisha akisimama, ndani ya dakika 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, basi kizunguzungu kinaweza kuwa ni presha inayoporomoka anaposimama, na hapo daktari atapunguza au kupanga upya dawa ya presha. Ni jambo tofauti kabisa na kuiacha, nadhani unaliona. La pili, muulize mama kizunguzungu kinakuja lini. Kama ni pale anapogeuka kitandani, anapotazama juu kutoa kitu kabatini, au anapoinama, na chumba kinazunguka kwa sekunde chache kisha kinatulia, huenda ni chembe za chokaa zilizohama mahali pake ndani ya sikio. Hilo hutibiwa kwa kumlaza na kumgeuza kichwa kwa hatua maalumu, kazi ya dakika chache ya daktari au mtaalamu wa mazoezi ya viungo anayeifahamu. Hakuna kidonge kinachorudisha chembe hizo mahali pake. Sinarizini ikitumiwa muda mrefu inaweza hata kuchelewesha ubongo kujizoeza na hitilafu ya sikio. Apimwe pia wingi wa damu na sukari.

Siku ya kwenda, weka kwenye mfuko kila dawa iliyomo ndani ya nyumba ambayo mama humeza au aliwahi kumeza mwaka huu, na maboksi yake. Usitegemee kumbukumbu. Sinarizini kwenye boksi husomeka Cinnarizine, na mara nyingi hubeba majina ya kibiashara kama Stugeron, kwa hiyo inawezekana anameza mbili zilizo moja. Angalia pia kama kuna metoklopramidi, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Plasil, au proklorperazini ya Stemetil, ambazo hutolewa kwa kutapika na kizunguzungu na hukalia vipokezi vile vile. Zikiwemo, zionyeshe kwanza. Na umwombe daktari ajaze fomu ya kuripoti madhara ya dawa kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Wewe mwenyewe pia unaruhusiwa kuripoti. Tatizo hili lilijulikana Uruguay na Hispania kwa sababu kuna watu walioandika.

Kabla hajaacha dawa, mrekodi mama kwa simu, kwa ruhusa yake: akiinuka kwenye kiti, akitembea na kurudi, akigonganisha vidole, akihesabu kwa sauti mpaka 20. Rudia kila baada ya wiki 4, kiti kile kile, na mwangaza wa kutosha. Mabadiliko ya namna hii ni ya polepole kiasi kwamba anayeishi naye hayaoni. Katika wiki hizo msimwache atembee peke yake usiku kwenda msalani, toeni mikeka inayoteleza, na mpeni muda wa kujibu anaposemeshwa. Na kama katika muda wowote mdomo utapinda, mkono au mguu wa upande mmoja ukafa ganzi ghafla, au maneno yakavurugika, hilo si la sinarizini wala la kusubiri kliniki: hospitali, saa ile ile.